Ikianguka, Isimuliwe

Kila mwaka, katika wiki inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Las Vegas hupokea makumi ya maelfu ya wageni ambao hawakufuata kamari. Wanafika na kompyuta za mapajani, viatu vya kutembelea mbali na ratiba iliyojaa tangu asubuhi hadi usiku. Mkutano unaowaleta unaitwa re:Invent, nao huandaliwa na Amazon Web Services, kampuni ya Marekani inayokodisha kompyuta, hifadhi ya data na mitambo ya mtandao kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Ulianza mwaka 2012 na watu wapatao 6,000. Kufikia 2019 walishapita 60,000, na hoteli moja haikutosha tena. Sasa umetapakaa kwenye hoteli kadhaa za ile barabara kuu iitwayo Strip, kuanzia Wynn na Venetian upande mmoja hadi Mandalay Bay upande wa pili, umbali wa kilomita kadhaa. Asiyepanga siku yake kwa kuangalia ramani kwanza, mada baadaye, atakuwa bado ndani ya basi wakati kikao alichokitamani kinafungwa.

Mtu wa Dar es Salaam akifika huko, ukubwa ndio unaompokea. Foleni ya kahawa ya asubuhi ina watu wengi kuliko idara nyingi za TEHAMA ninazozijua. Zipo kumbi ambamo wazungumzaji kadhaa hufundisha kwa wakati mmoja katika nafasi ile ile iliyo wazi, na kila msikilizaji huvaa hedifoni na kuchagua wa kumsikiliza, kiasi kwamba unaweza kukatiza katikati ya mamia ya watu waliokaza macho mbele na usisikie hata neno. Ndani ya Venetian kuna mfereji wa maji wenye mashua, na juu yake dari iliyochorwa anga. Kando ya mfereji huo wahandisi hupita wakibishana kuhusu hifadhidata, wala hawainui macho.

Gharama si ndogo. Mwaka 2023 kiingilio peke yake kilikuwa dola 2,099, kabla hujahesabu nauli, viza na chumba. Ndiyo maana wengi wanaotoka kwetu hugharamiwa na waajiri, na ndiyo maana wakirudi hukutana na swali lililo haki kabisa: umetuletea nini?

Jibu lililozoeleka ni fulana, stika za kubandika kwenye kompyuta, na orodha ya huduma mpya zilizotangazwa. Orodha hiyo siidharau. Mwaka 2014 ndipo ilipotangazwa Lambda, huduma inayoendesha programu bila mwandishi wake kushughulika na seva yoyote, na baada ya hapo wengi wetu tulibadilisha namna ya kujenga mifumo. Mwaka 2016 waliingiza lori zima jukwaani, lenye kontena la futi 45 linaloweza kubeba petabaiti 100, kwa ajili ya makampuni yenye data nyingi mno isiyoweza kupitishwa kwenye nyaya. Ukumbi ulipiga makofi, na kwa haki. Lakini habari za namna hiyo hazihitaji viza. Hotuba kubwa hurushwa mtandaoni bure, na saa 2 asubuhi ya Las Vegas ni saa 1 jioni ya Dar es Salaam, wakati mtu ameshatoka kazini. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, mkutano wote ulifanyika mtandaoni kwa wiki tatu bila kiingilio, na aliyekuwa Mwanza aliusikiliza sawasawa na aliyekuwa Seattle, yaliko makao makuu ya Amazon.

Kinachohitaji viza ni vile vyumba vidogo vyenye ubao mweupe.

Vikao hivyo havirekodiwi. Mhandisi mmoja au wawili husimama na kalamu za wino mbele ya watu wachache, na muda mwingi huenda kwenye maswali. Katika kimoja niliketi karibu na ubao, na mzungumzaji akaanza kwa kuchora visanduku 8, kila kimoja kikiwa seva. Akauliza: una wateja wengi na seva hizi 8, utawagawaje? Jibu la haraka ni kumwachia kila mteja seva zote. Sasa atokee mteja mmoja mwenye ombi baya, lile ambalo kila seva inayoligusa huanguka. Litaiangusha ya kwanza, mfumo utalipeleka kwa ya pili, nayo itaanguka, mpaka zote 8 zilale na wateja wote wakose huduma kwa kosa la mmoja. Akafuta. Akazigawa seva katika jozi 4, kila jozi na wateja wake. Hapo mteja yule atazima robo ya wateja. Ni nafuu, lakini robo ni wengi.

Akafuta tena, akachora mistari inayopishana. Safari hii kila mteja alipewa seva 2 zilizookotwa kwa bahati nasibu kutoka zote 8. Jozi zinazowezekana ni 28. Mteja mwenye ombi baya ataangusha jozi yake, lakini anayeshiriki naye seva moja tu bado atahudumiwa na ile nyingine. Watakaozimika kabisa pamoja naye ni wale tu walioangukia jozi ile ile, sehemu moja ya 28. Seva hazikuongezwa na pesa hazikuongezwa. Kilichobadilika ni mgawanyo. Katika Route 53, huduma ya Amazon inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, wametumia hesabu hiyo hiyo kwa seva pepe 2,048, kila tovuti ya mteja ikipewa 4, na michanganyiko inayopatikana inafika takriban bilioni 730.

Ni hesabu ya kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wetu huifanyia mtihani na kuisahau, na nilipoiona ikilinda sehemu kubwa ya mtandao niliona fahari kwa niaba ya walimu wangu wa hisabati.

Kisha mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Hakuuliza kuhusu hesabu. Aliuliza: "Ni tukio gani lililowafundisha hivi?" Mzungumzaji akaweka kalamu chini, akasimulia usiku mmoja wa zamu ambao mfumo aliokuwa akiulinda ulimshinda: alichokiona kwanza kwenye skrini, alichodhani, alichojaribu kikazidisha tatizo, na saa ngapi zilipita kabla hawajajua hasa kilichotokea. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza visanduku. Waliokuwa wakipiga picha ubao waliacha simu, wakaanza kuandika.

Masimulizi ya namna hiyo ndiyo niliyoyaleta nyumbani, na ndiyo ningependa kila anayekwenda huko ayatafute. Werner Vogels, Mholanzi aliyehutubia mkutano huo miaka mingi akiwa mkuu wa teknolojia wa Amazon, amekuwa akirudia kwamba kila kitu huharibika, na huharibika wakati wote. Akilichukua neno hilo kwa uzito, mhandisi hujenga tofauti. Huacha kuuliza kama seva itakufa, huuliza ikifa nani ataumia na kwa muda gani. Na taasisi ikilichukua kwa uzito, hubadilisha namna inavyozungumza na umma baada ya kuanguka.

Mfano wenyewe uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Tarehe 28 Februari 2017, saa 2:37 usiku kwa saa zetu, mfanyakazi wa timu ya S3, huduma ya kuhifadhi mafaili katika vituo vya Virginia Kaskazini, aliandika amri ya kuondoa seva chache zilizotumika katika mahesabu ya malipo. Alikuwa na idhini, na alifuata mwongozo uliokuwapo. Kipengele kimoja cha amri kilikosewa, seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondoka, na pamoja nazo zikaondoka zile zilizobeba faharasa ya mafaili yote ya eneo hilo. Mfumo ukalazimika kuwashwa upya wote. Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza: ulikuwa umekua mno, na haukuwahi kuwashwa upya wote kwa miaka mingi, kwa hiyo ukachukua muda kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Ilipofika saa 6:54 usiku ndipo huduma iliporudi sawasawa. Muda wote huo tovuti na programu nyingi za simu duniani zilikuwa zimekwama. Hata ukurasa wa kampuni wa kutangaza hali ya huduma ulishindwa kusasishwa kwa muda, kwa sababu nao ulitegemea S3.

Yote hayo nimeyajua kwa sababu kampuni yenyewe iliyaandika na kuyaweka hadharani siku chache baadaye. Maelezo hayakumtaja mfanyakazi kwa jina wala hayakumlaumu. Yalilaumu chombo: kwamba programu ile iliruhusu seva nyingi ziondolewe haraka kupita kiasi, na kwamba tangu siku hiyo imerekebishwa iondoe polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha lazima. Naona haki kubwa katika uamuzi huo. Mtu aliyechoka atakosea, hapa na kule. Ukimfukuza, umebaki na chombo kile kile na mtu mwingine atakayechoka.

Wala Amazon hawajaacha kuanguka. Tarehe 7 Desemba 2021, siku chache tu baada ya mkutano wa mwaka huo kufungwa, mtandao wao wa ndani huko Virginia ulielemewa, na wahandisi wakapoteza hata vipimo vya kuwaonyesha tatizo liko wapi. Oktoba 2025 eneo lile lile liliyumba tena, safari hii kwa sababu programu mbili za kujiendesha zilipishana na kuacha anwani ya hifadhidata kuu ikiwa tupu. Kila mara maelezo marefu yalifuata. Siwapambi. Ni wafanyabiashara, na maelezo hayo yana faida kwao: mteja aliyeelezwa ukweli hahami haraka. Lakini faida yao haiwazuii wengine kufaidika. Mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma, na katika kozi za mifumo mikubwa matukio ya Virginia yamekuwa kama mashairi ya kukariri.

Katika foleni ya chakula nilimsikia kijana akizungumza Kiswahili kwenye simu, na nilimsubiri amalize. Alikuwa Mkenya anayefanya kazi Seattle.

"Habari ya kwenu, kaka? Umetoka Bongo moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Mwili bado uko usiku wa manane."

Tulikula pamoja. Nilimweleza kilichonigusa katika kile chumba cha ubao, naye akaniambia kwamba kazini kwake jambo hilo ni la kila wiki. Tukio likitokea, huandikwa waraka: nini kilitokea, dakika kwa dakika, na kwa nini, kisha kwa nini ya hiyo sababu, mpaka ufike mahali pa kurekebishika. Nikakumbuka kile kikao cha kila wiki cha Amazon ambacho wamewahi kukieleza hadharani, ambapo gurudumu la rangi huzungushwa kuchagua timu itakayosimama na kueleza afya ya mfumo wake mbele ya wenzake. Hakuna anayejua zamu ni ya nani, kwa hiyo kila timu huja imejiandaa. Nikamuuliza yule kijana kama watu hawaogopi. Akasema wa kwanza kuogopa huwa mgeni, na woga humtoka akishamwona mkubwa wake akisimama na kueleza kosa la kwake mwenyewe.

Sasa nirudi kwetu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na nchi nyingine ziliyumba kwa siku kadhaa. Jijini Dar es Salaam hata ubalozi wa Marekani ulifunga huduma zake kwa umma kwa muda kwa sababu ya mtandao. Kukatika kwa waya si aibu ya mtu, na habari za nyaya tulizipata. Tusichokipata hadi leo ni sehemu inayotuhusu sisi wajenzi wa mifumo. Kwa nini baadhi ya huduma zinazounganisha mtu wa Ilala na mtu wa Temeke zilikwama, wakati hao wawili wako ndani ya mji mmoja? Ujumbe wao ulivuka bahari kutafuta nini? Kila mhandisi aliyekuwa zamu Jumapili ile anajua jibu la mfumo wake. Majibu hayo yamelala kwenye vikasha vya barua pepe na vikundi vya WhatsApp, na mengine yataondoka na watu wakihama kazi.

Na siku za kawaida ni vile vile. Nimewahi kusimama katika duka la vitenge Kariakoo nyuma ya mfanyabiashara aliyetoka Mbeya. Mzigo ulishafungwa, umeshatiwa alama kwa wino. Alilipa kwa simu, akaonyesha ujumbe.

"Dada, hela kwangu imekatwa, soma mwenyewe."

"Nakuamini, kaka yangu, lakini kwangu haijaingia. Mzigo siwezi kuutoa."

Hakuna aliyekuwa mwongo. Walipiga simu ya huduma kwa wateja kwa zamu, wakaambiwa wavute subira. Basi la yule bwana lilikuwa la jioni, na halikumsubiri. Usiku ndipo ulipokuja ule ujumbe tunaoujua sote, unaomwomba radhi ndugu mteja kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na matatizo ya kiufundi. Matatizo gani? Miamala mingapi ilining'inia? Imerekebishwa kwa namna gani? Pesa ilirudi, lakini siku ya biashara haikurudi, na yule dada wa duka alibaki na jambo la kumuumiza zaidi: mteja aliyeondoka akimshuku.

Najua hoja za upande wa pili, maana nimekaa kwenye meza zinakotolewa. Mwanasheria ataogopa kesi. Mkuu wa masoko ataogopa mshindani. Mtaalamu wa usalama atasema tutawaonyesha wezi mlango. Hoja ya mwisho nina heshima nayo, na jibu lake ni kuandika kwa uangalifu: unaweza kueleza kwamba hifadhidata ilijaa na kipimo cha kuonya hakikuwekwa, bila kutaja anwani wala nywila. Hizo mbili nyingine ni hofu ya kuonekana umeanguka, na wateja walishaona. Walikuwa pale dukani.

Kinachonisikitisha zaidi ni hasara ya elimu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza leo hii kusoma, kwa saa na dakika, jinsi Virginia ilivyoanguka mwaka 2017. Hawezi kusoma jinsi mfumo wa malipo anaoutumia kununulia chakula cha mchana ulivyoanguka mwezi uliopita. Akiajiriwa ataanza kujifunza upya, usiku, mbele ya wateja halisi, makosa ambayo mwenzake wa kampuni ya jirani aliyamaliza zamani. Tunalipia somo moja mara nyingi, na tunalilipia kwa dola.

Wapo watakaosema huo ni utamaduni wa wenzetu na sisi ni wanunuzi tu. Si kweli, na historia ya teknolojia hii yenyewe inakataa. EC2, huduma ya kukodisha seva iliyozinduliwa Agosti 2006 na kuwa mhimili wa biashara hii, haikujengwa Seattle. Ilijengwa Cape Town, na timu ndogo iliyoongozwa na Chris Pinkham akiwa na Willem van Biljon, kwa sababu Pinkham alitaka kurudi nyumbani Afrika Kusini. Ilikuwa hadi Aprili 2020 ndipo Amazon walipofungua kituo kikubwa cha seva katika bara hili, nacho kiko huko huko Cape Town. Nilipita kumbi zile za Las Vegas nikilikumbuka hilo, na sikujiona mgeni wa kualikwa. Tulikuwapo tangu tofali la kwanza.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenye mamlaka juu ya mifumo ya watu: wakuu wa TEHAMA wa mabenki, wa kampuni za simu, wa hospitali na wa idara za serikali, na pamoja nao Benki Kuu na mamlaka za mawasiliano za nchi zetu. Hitilafu ikitokea na kugusa umma, ndani ya wiki moja toeni kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho yule dada wa vitenge atakielewa. Semeni ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, nini kilivunjika, waliathirika wangapi, na nini kimebadilishwa ili isijirudie. Jina la aliyekuwa zamu lisitajwe, wala asifukuzwe. Wasimamizi wa sekta wazikusanye ripoti hizo mahali pamoja, vyuo vyetu vizifundishie.

Na wewe mhandisi unayesoma haya, usingoje ruhusa ya kila mtu kuanza. Chukua hitilafu ya mwisho iliyokukosesha usingizi, uiandikie wenzako wa timu yako wiki hii, wakati waliokuwa zamu bado wanakumbuka dakika zake.